Dhahabu Masikioni mwa Papa Kambale

Goti langu la kulia ndilo lililonistaafisha. Wauguzi vijana wa kliniki yetu hapa Buffalo wakaniomba niwaandikie nilichojifunza kazini, na nadhani walitarajia maneno ya heshima juu ya wito na uvumilivu. Watanisamehe. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliolipwa sitavigusa, kwa kuwa havikumsisimua mtu yeyote hata wakati ule. Nitaandika juu ya masikio. Nimefanya kazi ya sindano maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimesimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akidunga watu sindano masikioni ili wasisikie uchungu wa sindano nyingine. Kama jambo hilo linaonekana halina akili, ngoja kidogo. Mimi pia nililiona hivyo.

Nilianzia Louisville. Nilitoka Bungoma kuja kusomea uuguzi, na nilipomaliza nikapata kazi katika kliniki ndogo ya chanjo nyuma ya duka la matairi. Siku ya kwanza aliingia dereva wa lori, mwanamume wa kujaza mlango, aliyekatwa na bati na aliyehitaji sindano ya pepopunda. Alikunja mkono wa shati, akaniangalia usoni, kisha akauliza kwa adabu kama kuna muuguzi mwingine. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, hata walimu walinisifu. Kasoro ilikuwa uso. Nilizaliwa na uso wa ofisa wa forodha, na ninapokuwa makini huwa kama nimefungua sanduku la mtu nikakuta kitu. Msimamizi wangu, mama wa Kentucky mwenye sauti ya asali, alinipeleka mbele ya kioo anifundishe kutabasamu. Tulijaribu kwa muda. Mwishowe tulikubaliana sote wawili kwamba uso ubaki ulivyokuwa.

Ni kwenye kliniki hiyo nilipokutana na familia za Wakongo waliokuwa wakifika mjini kutoka kambini, kila moja na watoto wanaotakiwa kuchanjwa kabla ya kuanza shule. Nakumbuka mama mmoja aliyemshika mwanawe kwa magoti na kumwambia, "Unyamaze! Ukilia tena, huyu mama atakupiga ingine!" Akaninyooshea kidole. Nilitaka kukasirika, lakini mamangu mwenyewe alitulea vivyo hivyo. Ukiiba sukari, sindano. Ukikataa kulala, sindano. Ukimjibu shangazi vibaya, sindano mbili. Mtoto aliyelelewa hivyo anaweza kuota ndevu, akaoa, akapewa wadhifa kanisani, lakini ndani kabisa bado anajua kwamba anayeletewa sindano kuna kosa alilofanya. Hili hamfundishwi shuleni, ndiyo maana naliandika mapema.

Kisha mume wangu, Baba Simiyu, akapata kazi ya uhasibu Columbus, tukahamia Hilliard, pembeni mwa mji huo, nami nikaajiriwa katika kliniki ya viungo. Huko watu walidungwa magotini, mabegani, visiginoni na mahali pengine ambapo hata kutaja kunauma. Mwisho wa korido, karibu na stoo ya mifagio, kulikuwa na chumba cha Bi Oh. Alikuwa Mkorea, mfupi, miwani yake ikining'inia kwa uzi, na alikuwa na leseni ya akupancha, ile tiba ya kale ya sindano zisizo na dawa. Madaktari walimpelekea wagonjwa waliokuwa wakitetemeka. Siku niliyopangiwa kumsaidia nilimuuliza, kwa uso huu huu, kama kweli anamtuliza mtu anayeogopa sindano kwa kumdunga sindano.

"Ndogo," akanijibu. "Ndogo sana."

Alinionyesha mchoro wa sikio na kunieleza kuwa sikio lina umbo la mtoto aliye tumboni, kichwa chini, miguu juu. Kila kiungo kina mahali pake pale. Nimezaa, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyetoka na sura hiyo. Halafu akanitazama vizuri na kufanya jambo ambalo hakuna mkubwa wangu yeyote aliyewahi kulifikiria: alinishika mabega akanisogeza nyuma ya kiti cha mgonjwa. "Masikio yapo kando," alisema. "Hakuna haja wakuone." Tangu siku hiyo nilifanya kazi nyuma ya watu, na kazi yangu ikawa nzuri.

Vifaa vyetu vilienea kwenye trei moja. Pamba na spiriti, glavu, koleo ndogo, kalamu nyeusi ya kuwekea alama, na visindano vifupi kuliko punje ya mchele, kila kimoja ndani ya kifuko chake. Vingine vilitolewa baada ya muda mfupi. Vingine vilibaki sikioni siku kadhaa mpaka vidondoke vyenyewe, na kwa nje hukuona kitu ila kichwa kidogo kinachong'aa. Bi Oh alidunga kimoja, mgonjwa akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akaulizwa anajisikiaje, kikafuata kingine. Mimi nilisafisha, nilipaka alama, nilipokea visindano vilivyotumika, na niliwauliza watu habari za watoto wao. Mabega yao yaliposhuka, daktari aliitwa aje na bomba lake la sindano.

Kujifunza mahali pa kuweka alama nilijifunzia kwa Baba Simiyu, kwa kuwa masikio yake ni makubwa na yeye ni mpole. Alikuwa anasoma habari kwenye simu huku mimi nikimtia vidoti. "Mama Simiyu, hii wino itatoka kweli?" aliniuliza siku moja. "Kesho niko na meeting na auditors." Haikutoka. Mkaguzi mmoja alimwuliza kwa upole kama ameshaonana na daktari wa ngozi.

Je, inafanya kazi? Wenye elimu bado wanabishana na mimi sitawaamulia. Wapo ambao hawakusikia tofauti yoyote, na walituambia hivyo kwa hasira. Lakini wengi walitulia, hasa waoga, na mtu aliyetulia sindano humwingia vizuri kuliko aliyekaza msuli kama anavuta jahazi. Tulikuwa na mgonjwa aliyejichora tatuu kutoka shingoni mpaka vifundoni, na alikuwa analia machozi kwa ajili ya sindano ya kisigino. Nilimwuliza zile nyingine zote alizivumiliaje. "Zile niliziomba," alisema. Jambo hilo nililifikiria mpaka nikafika nyumbani.

Bi Oh akahamia Buffalo kumfuata binti yake aliyekuwa akifundisha chuo huko Amherst. Haukupita muda akanipigia simu: kliniki aliyoingia ilikuwa na wagonjwa wengi Wakongo, hawaelewi anachosema, na wakimwona na visindano wanaanza kuomba kwa sauti. Nije. Baba Simiyu alisema hesabu ni zile zile popote, tukaenda. Hakuna aliyetuambia habari za theluji ya Buffalo kwa ukweli unaostahili. Lakini huko ndiko nilikopata jina. Wakongo waliniita Mama Sindano, na nikaanza kufasiri maswali ambayo sikuwahi kuulizwa Columbus, kama vile iwapo kisindano kitatoboa ubongo, na iwapo Bi Oh ameokoka.

Sasa nimefika kwa Papa Kambale. Amenipa ruhusa ya kuandika haya yote, na jinsi ruhusa hiyo ilivyopatikana ndiyo hadithi yenyewe.

Alikuwa mtu wa Butembo kule Kongo, mwenye umri wa kuwa na wajukuu. Siku za kazi alipakia maboksi ghalani kule Lackawanna. Siku za ibada alikuwa shemasi na mpiga gitaa la solo wa kanisa moja la Wakongo lililokodi jengo la zamani upande wa magharibi wa mji. Kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kinajikunja na kukwama. Ili kukinyoosha ilibidi akivute kwa mkono wa kulia, nacho kilifunguka kwa kishindo kama kufuli bovu. Mpiga solo bila kidole hicho ameshika ubao wenye nyaya tu. Daktari alimwambia kuwa sindano moja kwenye kiganja, chini ya kidole, huenda ikamponya. Asipodungwa, baadaye itakuwa kisu. Pasaka ilikuwa karibu, na kwaya yao haikuwa na mtu mwingine wa kushika solo.

"Mama," aliniambia huku akijinyoosha kwenye kiti, "miye nilivuka mupaka na mutoto kwa mugongo, masasi inalia juu ya kichwa. Donc, sindano ni nini?"

Daktari akaingia na bomba. Kiganja ni mahali pabaya sana pa kudungwa, na mimi kwa uzembe nilikuwa nimesimama mbele. Papa Kambale aliiangalia sindano, akauangalia uso wangu, kisha akaenda chini yeye, kiti na trei yote. Tulipomwinua na kumpa maji alitazama kila upande kama anayetafuta aliyemsukuma.

"Niliteleza," alisema. "Hii chini yenu iko na maji."

Niliigusa sakafu. Ilikuwa kavu.

"Bon," akasema polepole, akinishika mkono kwa kile kidole kilichopinda. "Usiambie mutu, Mama. Hata bibi yangu."

Nilimwahidi. Hata kama nisingemwahidi, sheria ya nchi hii ingenifunga mdomo: mambo ya mgonjwa hayatoki nje ya mlango wa kliniki, hata jina lake halitoki. Tulimpa siku nyingine, na safari hii apitie kwanza kwa Bi Oh.

Alikuja. Nilimweleza kwamba atawekewa visindano vya kutuliza hofu na uchungu. Akafikiri. "Sindano ya kufukuza sindano," alisema. "Banganga ya huku munapenda kazi." Nikamwuliza achague, vya rangi ya fedha au vya dhahabu, maana Bi Oh alikuwa na aina zote mbili na kazi yake ni moja. Hapa naomba msomaji akumbuke kwamba aliulizwa. "Tia ya dhahabu," alisema. "Kama ni dawa, ikuwe ya muzuri."

Bi Oh alidunga kimoja. Papa Kambale akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Cha pili, akatembea. Kufikia cha mwisho alikuwa anatembea kama mtu aliye likizoni, akitueleza jinsi alivyojitengenezea gitaa la kwanza kwa debe la mafuta na waya wa breki ya baiskeli. Daktari aliingia kimya kimya. Mimi nilikuwa nyuma, mahali pangu. Papa Kambale alikuwa akiimba sauti ya besi ya wimbo fulani wa kwaya yao, mkono wake ukiwa mezani, na alipomaliza akauliza, "Sasa munaanza saa ngapi?" Daktari alikuwa ameshatupa bomba. Tukamwambia visindano vya masikio abaki navyo, vitadondoka vyenyewe. Alitoka akitikisa vidole vyote vya mkono wa kushoto kama anayemuaga mtu kwenye basi, na mimi nikafurahi kupita kiasi.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika nikichagua unga. Karibu na friza ya sombe, yale majani ya muhogo, alisimama Mama Kavira, mke wa Papa Kambale, ambaye nilimjua kwa sababu nilikuwa nampima presha. Akaniona akaja moja kwa moja.

"Mama Sindano, weye uko mukubwa, unishauri. Bwana yangu anavala hereni."

Nilishika mfuko wa unga kwa mikono miwili.

"Mbele zilikuwa mingi, nikasema labda ni ugonjwa," akaendelea. "Ingine ikaanguka, ingine ikaanguka. Sasa zimebakia mbili. Moja huku, moja huku. Ya dhahabu, Mama! Miye tangu tulioana hajaninunulia hata ya plastique."

Ndipo akanisimulia mambo ya Jumapili. Papa Kambale alipanda jukwaani na gitaa, kidole kikiwa kizima, uso ukiwaka kwa furaha. Taa zikawashwa, na masikio nayo yakawaka. Kwenye kanisa lao mwanamume mwenye hereni hapandi jukwaani, wala haijawahi kuhitajika kuandikwa. Pasteur Bisimwa, mchungaji wao, alisimamisha wimbo na kumwuliza, mbele ya watu, kile kilichoko masikioni ni nini. Naye shemasi akajibu, "Ni mambo yangu na Mungu." Nimeishi na mwanamume miaka mingi, na sijui jibu baya zaidi ambalo mume anaweza kutoa juu ya dhahabu. Aliambiwa akae benchi la nyuma hadi atakapokuwa tayari kueleza. Mtoto wa shule alipewa gitaa, na wimbo ukaenda kama unavyoweza kudhani.

"Kuko mwanamuke, Mama," alisema Mama Kavira. "Mutu ya umri yake hawezi kuvala dhahabu bure. Kuko mwanamuke anamupendeza. Jumapili hii ikipita bila kusema, miye naenda kwa dada yangu Louisville, na sitarudi."

Alilia pale pale mbele ya samaki waliogandishwa, naye si mama wa kulia ovyo. Nilijua jibu lote. Ningelimaliza shida yake kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwa yangu. Nilisema labda kuna maelezo. "Maelezo gani?" Nikasema sijui. Kwa mara ya kwanza maishani uso wangu ulinifaa, maana haukuonyesha kitu.

Nilimpigia Papa Kambale kutoka kwenye gari. Nilimsihi anipe ruhusa niseme, au aseme mwenyewe, au basi aje tu kliniki Bi Oh avitoe visindano.

"Kutoa?" alishtuka. "Nani aguse ile sindano? Na kama kidole inajifunga tena?"

"Papa, mkeo anafikiri una mwanamke."

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Mama, sikia. Huku banajua miye ni ule mutu alivuka mupaka. Batoto banasimuliwa. Ukiwaambia nilianguka juu ya kasindano, itakuwa nini? Hereni itatoka. Jina ya muoga haitoke."

"Na Mama Kavira akienda Louisville?"

Akakata simu. Nilikasirika hadi nikasahau unga juu ya paa la gari.

Ilibidi nitafute njia ya kusema bila kusema. Pasteur Bisimwa alikuwa ameniomba zamani nije kuzungumza na waumini juu ya afya, nami nikawa namwahirisha. Na bega la Baba Simiyu lilikuwa linangoja sindano Jumatatu, sindano ambayo Bi Oh angemtayarisha kwa visindano vya sikio hata hivyo. Nilichoomba ni kwamba amtayarishe Jumamosi. Tena kwa dhahabu, kimoja kila sikio, chini kabisa, mahali pa kuonekana. Bi Oh aliniuliza sababu ya kitabibu. Nikamwambia iko Kongo. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akampa Baba Simiyu kiti.

Baba Simiyu ndiye aliyenipa kazi, maana sababu sikuweza kumwambia. "Mama Simiyu, mimi ni mzee wa kanisa, si rapper," alisema mbele ya kioo asubuhi ya Jumapili, akiwa na suti yake ya kijivu. "Nitaingia aje kwa watu na hizi vitu?"

"Utaingia polepole," nilimwambia. "Na utageuza kichwa."

Tuliingia. Mhasibu wa Bungoma, mvi kichwani, tai imefungwa hadi kooni, na dhahabu pande zote mbili. Akina mama walishikana mikono. Mama Kavira alikuwa safu ya tatu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama cha mtu anayesafiri. Papa Kambale alikuwa benchi la mwisho kabisa, na alipomwona mume wangu alijishika masikio.

Pasteur Bisimwa alinikaribisha kwa sauti ya mtu anayejuta. Nilisimama mbele na kumsimamisha Baba Simiyu pembeni yangu.

"Huyu ni mume wangu," nilisema. "Mkimwona hivi, mnafikiri nini? Semeni tu."

Bibi mmoja mzee wa safu ya mbele hakuhitaji kubembelezwa. "Tunafikiria aliharibika," alisema.

Watu wakacheka. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia awaeleze. Tulikuwa tumepanga hotuba fupi juu ya mishipa na uchungu. Baba Simiyu hakuitoa. Alikohoa, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kusoma bili ya umeme, "Hizi ni sindano za hospitali. Niko na injection kesho kwa bega, na mimi naogopa sindano. Naogopa sana. Nilipokuwa mdogo nilikimbia hospitali nikalala kwa shamba ya miwa. Hizi zinanituliza. Ni hayo tu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Pasteur Bisimwa mwenyewe alijifuta macho. "Kumbe," alisema, "wanaume ya Kenya banaogopaka sindano!"

"Wa Kenya peke yao?" niliuliza.

Niliuliza kwa uso wangu wote, sikuubakiza. Kicheko kilianza kupungua. Wanaume walianza kuangalia viatu vyao, na dari, na mahali popote pasipokuwa na macho yangu. Mmoja alifungua Biblia. Nilingoja, kwa sababu muuguzi anajua kungoja. Kama hakuna ambaye angesema, basi nilikuwa nimemwaibisha mume wangu bure, na Mama Kavira angepanda basi la Louisville.

Benchi la nyuma likalia.

"Pasteur," alisema Papa Kambale. Alikuwa amesimama. "Na miye."

"Na weye nini, Diacre?" Pasteur alimwuliza shemasi wake.

"Na miye naogopaka." Aliinua mkono wa kushoto, vidole vyote vimenyooka, akavionyesha. "Kidole yangu ilipona juu ya sindano. Na hii ya masikio, ni yenyewe ilinisaidia. Hakuna mwanamuke. Ile siku ya kwanza nilianguka. Nilianguka na kiti." Akaitazama sakafu. "Chini kulikuwa kukavu."

Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wamemgeukia Mama Kavira. Alisimama taratibu. Alimtazama mume wake kutoka safu ya tatu hadi ya mwisho, urefu wote wa kanisa. Kisha akainua mikono yote miwili juu na kupiga kelele ambayo nadhani ilisikika ng'ambo ya barabara:

"Asante Yesu! Bwana yangu ni muoga! Muoga tu!"

Akapiga vigelegele. Akina mama wakampokea, na vigelegele vilipokuwa vinaendelea Pasteur alimnyang'anya mtoto wa shule gitaa kwa upole na kulinyooshea benchi la nyuma. Papa Kambale alitembea njia yote ya katikati akiwa ameinamisha kichwa, dhahabu ikimetameta, akina mama wakimpigapiga mgongoni kila hatua. Sijui jina la wimbo aliopiga. Ninajua kidole cha pete kilipanda na kushuka kwenye zile nyaya bila kukwama hata mara moja, na kwamba nililia, na watu wakadhani nimekasirika.

Wiki zilizofuata Bi Oh alilazimika kuongeza kiti kwenye ukumbi wa kungojea. Walikuja wanaume wa kanisa lile, mmoja mmoja, kila mmoja akisema ametumwa na mke. Pasteur Bisimwa alikuja na goti lake alilolificha miaka mingi, akaomba dhahabu, tena masikio yote, tena vingi kuliko vya shemasi.

Juzi walinifanyia sherehe ya kuniaga. Papa Kambale alikuja na gitaa, na Mama Kavira alikuja amevaa hereni za dhahabu, za kweli, kutoka kwa mume wake. Matundu yake ya zamani yalikuwa yameziba tangu kambini, kwa hiyo ilibidi atobolewe upya dukani, na mume akaenda naye kumshika mkono. "Usiogope," alimwambia. "Miye niko hapa." Msichana wa dukani akainua chombo chake cha kutobolea. Mama Kavira hakutikisika, lakini upande wa pili wa kiti kukasikika kishindo.

Hayo sikuyasikia kwa Mama Kavira. Alitusimulia Papa Kambale mwenyewe, akiwa amesimama mbele yetu sote na gitaa begani, na hakuanza kupiga hadi alipotuonyesha jinsi alivyoanguka.